Nywele za Zinaida

Rimma Yegorovna alikuwa na nywele nyekundu kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo hakuna jirani aliyemuuliza kitu. Katika mji wetu wa kiwanda cha karatasi, nusu ya wanawake wa rika lake wana nywele nyekundu. Ujana wao ulipita wakati madukani hakuna rangi nyingine ya maana ila hina, unga wa kijani ndani ya pakiti za karatasi, na walioizoea hawakuiacha hata maduka yalipojaa. Ukipanda ngazi za jengo lolote siku ya Jumamosi utasikia harufu ya majani mabichi na tope, na ukibisha hodi utafunguliwa na mtu aliyevaa mfuko wa plastiki kichwani, juu yake taulo, na juu ya taulo kofia ya manyoya ya mumewe.

Kofia ya mumewe Rimma hakuwa nayo. Mume, dereva wa kreni, aliondoka bila ugomvi na bila kuaga vizuri, na mtoto wao wa pekee akahamia kaskazini kwenye visima vya mafuta, akawa anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Rimma alipika katika chekechea. Alikuwa mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka, na kulia kwake kulikuwa kwa nadra. Hina alianza kuipaka mwaka ule alioachwa. Mama yake, Pelageya Fominichna, alipomwona aliweka kikombe mezani na kusema, "Rangi zote za dunia hii, umeiona hiyo hiyo?"

Rimma alijua anachosemwa. Baba yake, Yegor, aliwahama akiwa yeye bado msichana wa msuko mmoja mgongoni, akaenda kuishi na Zinaida, muuza tiketi wa bafu la umma, mwanamke mwenye nywele nyekundu za kuzaliwa nazo. Mji mzima ulizijua nywele hizo. Kwa nini Rimma aliichagua rangi ile ile, sijui. Labda alichoka kuwa upande wa wanaoachwa. Mama alinuna majuma kadhaa, kisha akazoea, au akafanya kama amezoea.

Uzeeni akili ya Pelageya ilianza kumtoka. Kwanza yalipotea majina ya vitu, kisha miaka, tena kwa mafungu, na iliyobaki ikawa ile ya zamani. Rimma akamhamishia kwake. Asubuhi moja alimpelekea uji, na mama akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Nani amekufungulia mlango, Zinaida?"

"Mama, ni mimi. Rimma."

"Rimma wangu ana nywele za ngano. Usinifanye mjinga. Mume umechukua, sasa umefuata na sufuria?"

Bakuli likaruka, uji ukatua kwenye zulia la ukutani. Tangu siku hiyo Pelageya hakula kwa hiari. Alifunga mdomo mpaka njaa imshinde, na akishindwa alimeza macho yamefumbwa, kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Mchana na usiku aliulizia kitu kimoja: Rimma yuko wapi, mbona haji, nani kamzuia?

Daktari wa zamu alimsikiliza moyo, akakunja mpira wake wa kupimia shingoni, akasema akifika majira ya barafu kuyeyuka mshukuru Mungu. Rimma hakubishana naye. Ila alitaka jambo moja, na alilitaka kwa nguvu zote zilizombakia: mama amwone. Amwone yeye, amwite jina, ale kijiko kimoja kutoka kwa binti yake kabla hajaondoka.

Alijaribu kitambaa. Mama akakivuta na kucheka kwa dharau, "Unajificha, e? Kitambaa chenyewe kinanuka bafu!" Alijaribu nywele za bandia za manjano, za kuazima. Mama akazitazama sana, akauliza ni za maiti gani.

Basi akashuka chini kwa Inessa.

Inessa ni jirani yake wa mlango kwa mlango, na saluni yake iko chini ya jengo, chumba kimoja chenye viti viwili, kimoja kibovu. Ana nywele nyeusi tii na ulimi wa wembe, na mikono ambayo sijaona ya pili katika mji huu.

"Nitolee hii rangi," Rimma akasema. "Nataka ile yangu ya usichana. Kesho."

"Kesho! Shoga, hina si koti. Imeingia ndani ya unywele wenyewe, imekaa humo kama mpangaji asiyelipa. Nikikumwagia dawa kali leo, kesho utazizoa nywele kwenye mto kwa ufagio."

"Zikatike. Mama hana muda."

"Na ukiingia kwake na kipara atakuitaje, Yegor?" Inessa akamkalisha kwenye kiti kizima. "Niambie ukweli. Ni hina tupu, au umechanganya?"

"Hina tupu."

Inessa hakumwamini. Kazi yake imemfundisha kutomwamini mwanamke yeyote wa hapa kwenye swali hilo. Alikata kishungi kidogo kisogoni, akakitia dawa ndani ya kisahani, na wakanywa chai wakisubiri. Kilipooshwa kilikuwa cha kijani, rangi ya maji ya dimbwi.

"Njoo dirishani. Hii ni nini?"

Rimma alikitazama kishungi, akatazama viatu vyake.

"Basma," akasema. "Kidogo tu."

"Kidogo! Chura angekuonea wivu."

Basma ni unga wa nili, na huchanganywa na hina ili mvi zishike rangi vizuri. Kila mwenye mvi mjini petu anaitia na hakuna anayekiri, maana kukiri basma ni kukiri mvi. Wanawake wetu watakutajia uzito wao, watakutajia na madeni ya mume, lakini basma hapana. Wengi wamekwenda saluni na uongo huo mdogo na wametoka na kichwa cha kijani, au wametoka na nusu ya kichwa. Na Rimma, pamoja na shida yote aliyokuwa nayo, alidanganya vile vile kama wenzake. Niliposikia nilimkasirikia kweli.

"Sasa sikiliza," Inessa akasema, na safari hii hakutania. "Tutakwenda polepole, au utafute mwingine wa kukuharibu. Kwanza mafuta."

Ikawa mafuta. Ya alizeti na ya nyonyo, ya vuguvugu, kuanzia mizizi hadi ncha, chini ya mfuko na taulo, saa nyingi. Kisha sabuni ya mche ya kufulia, ile ya kahawia, ambayo huvuta mafuta na kuvuta rangi pamoja nayo. Siku nyingine maziwa mgando yaliyokandwa na hamira. Povu la kwanza lilitoka la rangi ya kutu, na Rimma akafurahi kana kwamba ameona damu mbaya ikitoka jipuni. Kila mara Inessa alizikata ncha kidogo, kule ambako hina ya miaka mingi ilikuwa imelaliana. Dawa ya kupausha ilikuja baadaye sana, hafifu, kwa vishungi vyembamba, na katikati nywele ziliachwa zipumzike na kulishwa mafuta upya. Rimma akimhimiza, Inessa alimpiga kichwani kwa kitana.

Juu, ghorofani, kazi iliendelea. Kumgeuza mama asipate vidonda, kumwogesha, kubadilisha shuka, kulisha. Matusi ya kwanza yalikuwa ya kukata maini. "Mwizi." "Mbwa wa bafuni." Rimma alijikaza kisabuni, akajibu, "Ndiyo, nimekuja tena, inua mkono." Na kwa kuwa mkono ule ule ulikuja kila siku, matusi yakaanza kuchoka.

"Mikono yako baridi, Zinaida," mama akasema mara moja akiwa ndani ya beseni. "Lakini kuogesha unajua."

"Nimejifunza bafuni."

Pelageya akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, na Rimma akacheka naye, ameshika sifongo, maji yakimchuruzika viwikoni. Siku nyingine mama alimsimulia mambo ya Yegor, jinsi alivyokoroma, jinsi alivyoficha soksi, akamuuliza mwenzake kama na kwake alizificha. Akaanza kufungua mdomo bila kulazimishwa. Uji uliisha bakulini. Kitambaa chenye mafuta kichwani kwa Zinaida hakikumsumbua tena.

"Anakula," Rimma alimwambia Inessa.

"Basi tuishie hapa. Anakula, anacheka. Unataka nini zaidi?"

"Anakula kwa Zinaida. Nataka ale kwangu."

Inessa akachovya brashi. Aliniambia baadaye kwamba angeweza kukataa pale, na kwamba amejiuliza sana kwa nini hakukataa. Nadhani kazi ilikuwa imemnogea. Hakuwahi kumtoa mtu kwenye hina na basma salama, na hapa alikuwa anakaribia.

Barafu ya mtoni ilipoanza kupasuka, wakamaliza. Nywele zilitoka za ngano kavu, mvi zimelala humo humo bila kugombana na mtu, laini, nzima, hakuna hata moja iliyokatikia kwenye kitana. Inessa alizipitisha vidoleni akafuta macho kwa mkono wa koti lake la kazi. Alimsuka Rimma msuko mmoja, akauleta mbele juu ya bega.

"Nenda," akasema.

Rimma alipika uji wa semolina na kijiko cha jamu juu. Akaingia bila kitambaa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Pelageya aligeuza uso. Akautazama msuko, akaunyooshea mkono, akaushika kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa sokoni.

"Rimma," akasema.

"Mama. Ndiyo, mama. Ni mimi."

Furaha ilimpanda Rimma. Alichota uji, akaupuliza, akaupeleka mdomoni kwa mama. Mdomo haukufunguka.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, mama. Nipo hapa hapa siku zote."

"Usinidanganye. Nimelala hapa msimu mzima nakuita. Nani kanigeuza? Nani kanifulia? Zinaida! Mwanamke aliyenivunjia nyumba, huyo ndiye kanitoa uchafu. Kila siku, wala hajawahi kununa. Mwanangu wa kumzaa hata pua sikuiona."

"Mama, yule Zinaida..."

"Usimtaje vibaya! Nimemsamehe. Yote, na Yegor pia nimemwachia." Alivuta pumzi, akauachia msuko. "Wewe sijui kama nitaweza."

Rimma alifungua mdomo ajieleze. Hina, basma, mafuta, sabuni, aanzie wapi? Na hata kama mama angeelewa, Rimma angelazimika kumnyang'anya mtu pekee aliyekuwa amefanya naye amani. Aliona hilo lote kwa mkupuo mmoja, akaliacha neno limfie mdomoni.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilikuwa mbali."

"Mwambie Zinaida aje," Pelageya akajibu, akageukia ukuta.

Aliishi juma zima baada ya hapo. Kila Rimma alipoingia na bakuli alimtambua, akamwita jina, na akafunga meno. Rimma alirudi kwenye kitambaa, akajaribu kuikwaruza sauti, lakini msuko wa ngano ulikuwa umekwisha kuonekana, na mama akamwambia asimwige mtu aliyemzidi utu. Vijiko vichache vya mwisho, vya chai yenye sukari, alivipokea kutoka kwa Inessa, ambaye mama hakumjua wala hakumdai lolote. Rimma alisimama mlangoni, na Inessa akawa anamhesabia kwa kunong'ona: kameza, kameza tena, hiki kakitema.