Njia za Kushinda Zilizoishia Langoni kwa Ombati

Nakumbuka jioni moja, mjukuu wangu, mume wangu alipotoka nyumbani na kamba mkononi kwenda kumchukua ng'ombe wetu kwa jirani, na mimi nikajua kwamba ng'ombe yule akitoka kwa Ombati, Ombati naye atatoka. Naikumbuka kwa sababu yako. Tangu matokeo ya urais yatangazwe, kila ukija kutoka chuoni Kabianga unakaa hapo jikoni na simu yako, unanieleza vile mtu wenu angeshinda. Angeshinda kama angefanya hivi, angeshinda kama wale wasingefanya vile. Endelea kunywa chai, nakusikia. Lakini leo ngoja nikupe ya kwangu.

Ombati alitoka Kisii na mkewe Moraa, wakanunua shamba lililopakana na letu hapa Kiptere kabla mimi sijaolewa. Unajua desturi yetu sisi Wakipsigis: ukimwamini mtu, unamwachia ng'ombe amlishe kwake. Maziwa ni yake, ndama ni wako, na ng'ombe anaweza kukaa huko miaka. Baba mkwe wangu, kabla hajafariki, alimwachia Ombati ng'ombe mmoja mwekundu. Si kwamba boma letu lilikuwa limejaa. Alitaka kilima hiki chote kijue kwamba yule Mkisii ni mtu wetu, asiguswe.

Basi ukaja uchaguzi mmoja wa urais, na mume wangu, huyu Kugo, babu yako unayemwona mpole, ndiye alikuwa anaongoza kampeni hapa kwetu. Sauti ilimkauka kwa kupiga kelele juu ya gari. Mtu wake akaanguka kwa kura kidogo tu, na mume wangu akakaa karibu na redio kama aliyefiwa. Halafu akaanza. Angeshinda kama angeshuka Kipkelion awasalimie watu, badala ya kupita juu na helikopta. Angeshinda kama angechagua mgombea mwenza mwingine. Angeshinda kama mvua isingenyesha asubuhi ya kura. Mwanzoni nilimsikiliza, hata nikamwongezea zangu, maana na mimi nilikuwa nimeumia. Lakini niliona kitu. Kila siku zile njia zake za kushinda zilikuwa zinasogea karibu na nyumbani. Zilianzia Nairobi, zikafika Kericho mjini, mwishowe zikasimama langoni kwa Ombati. "Angeshinda kama hawa wageni wasingempigia kura yule mwingine," akasema, na kutoka siku hiyo hakutaja sababu nyingine.

Vijana wa pale dukani walimchochea. Walimwambia wazi: wewe mtoe ng'ombe tu, mengine tuachie sisi. Hawakuthubutu kumgusa mtu anayelisha ng'ombe wetu. Ndiyo maana nilipoiona ile kamba sikungoja. Moraa ndiye aliyenishika nilipomzaa Chebet, mtoto amekuja vibaya na gari hakuna. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikakimbia kwa mama mkwe, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu. Hakuniuliza mengi. Alichukua shali yake tukafuata.

Tulimkuta mume wangu amesimama uani kwa Ombati. Moraa alikuwa mlangoni, na nyuma yake niliona magunia yameshafungwa. Walikuwa wamejua. Ombati mwenyewe hakubishana.

"Baba Chebet, nilimpigia yule mwingine, sitakudanganya," alisema. "Ng'ombe ni wenu. Mchukue."

Mume wangu akaanza kufungua zizi. Mama mkwe akamwita polepole, vile mama anavyomwita mtoto aliyepanda mahali pabaya.

"Kiprotich, huyu amekuambia alimpigia nani. Mimi mbona hujaniuliza?"

"Wewe ni wetu, mama. Nikuulize nini?"

"Mimi sikupiga kura. Siku ile lori la majani ya chai lilikuja mapema, nikabaki kuchuna. Ulipita hapo barabarani na gari lenu mkienda kubembeleza watu wa mbali waje kupiga kura, na hukusimama hata kuniambia, mama, twende. Na si mimi peke yangu. Tulikuwa wengi pale kwenye kupima majani, wote watu wetu, tunacheka tu, tunasema nyinyi mmeshashinda, mtatutakia nini." Akaivuta shali yake. "Sasa kama unatafuta aliyemwangusha mtu wako, anza kwa kumchukua ng'ombe wangu mimi. Yuko nyumbani."

Mume wangu aliuachia mlango wa zizi. Alimtazama mama yake, akamtazama Ombati, na halafu akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa mahali hawezi kuponyoka. Akamuuliza Ombati kama ng'ombe ameshakamuliwa. Ombati akasema bado. Ikabidi Moraa afungue magunia mawili akitafuta ndoo ya kukamulia. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi na mtoto mgongoni, nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibeba wiki nzima. Nililia, sikuficha. Tulipokuwa tunarudi wale vijana walimuuliza mume wangu ng'ombe yuko wapi. Aliwaambia yuko kwake, kwa Ombati, na wao waende makwao.

Kwa hiyo mwanangu, mtu wenu angeweza kushinda, sikukatalii. Kura zikiwa karibu hivyo, njia zilikuwepo nyingi. Lakini tafuta ile iliyopita mikononi mwako: nani uliyemhesabu kuwa wako bila kumuuliza, nani hukumpitia asubuhi ile mkaenda pamoja. Hiyo itakufaa safari ijayo. Na ukiona hesabu zako zinakupeleka kwa jirani, simama hapo hapo urudi nyumbani, hata kama jirani alimpigia yule mwingine. Alikuwa na haki yake. Uchaguzi mwingine ulikuja, mwanangu, na mwingine tena baada ya huo. Moraa angeondoka jioni ile, hangerudi.

Mungu akuongezee umri. Akupe majirani wanaoweza kukuambia ukweli bila kukuogopa, na siku ukishindwa, akupe usingizi.