Nilifuta Kiko cha Bibi

Nilijifunza kuvuta kiko cha kibuyu kwa maji matupu, bila tumbaku wala moto, nyuma ya chumba nilichopanga Bunda, mlango wa ua nikiwa nimeufunga. Mchumba wangu alikuwa amenionya mapema. Kwao, kijiji kimoja karibu na Butiama, mahari huzungumzwa na wanaume, lakini neno la mwisho ni la bibi yake, naye halisemi kwa mdomo. Anakupa kiko chake, unavuta, unamrudishia, naye anavuta baada yako. Basi, umekuwa mtu wao.

"Na asipovuta baada yangu?" nilimuuliza.

"Sijawahi kuona," alisema, akacheka.

Mimi sikucheka. Naogopa sana kukosea. Shule niliiacha darasa la nne, mengine nimejifundisha kwa magazeti ya zamani na redio, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui ni kitu gani hakufundishwa. Kwa hiyo nilitafuta kibuyu chenye shingo ndefu, nikakitia maji, nikachomeka mwanzi wenye bori la udongo, kile kikombe cha kutilia tumbaku, nikafanya mazoezi. Nilijifunza kutovuta kwa pupa hadi maji yaingie kinywani. Nilijifunza kutopuliza, maana ukipuliza unazima kaa na kuwarushia wenzako majivu. Nilijifunza kupokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko. Mwishowe nilikijua kiko kama nilivyoijua mizani ya pamba niliyopimia kazini.

Baba mdogo, mshenga wangu, alitoka kwetu Nyegina tukaenda pamoja. Kijiji chao kilikuwa kipya, cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Nyuma ya jiko la bibi mambo yalikuwa yale yale ya zamani. Wanawake wakitoka kupalilia shamba la kijiji walikaa pale kwenye magogo, kiko kikazunguka, na habari zote zikapatikana. Waliogombana walikalishwa pamoja. Kiko kikishapita kwa wote wawili, ugomvi umekwisha, na anayeurudia anachekwa.

"Mume wangu amefika!" bibi alipaza sauti aliponiona. "Mbona mwembamba hivi? Huko Bunda hamlagi?"

"Anakula, mama," baba mdogo alimjibu. "Ila anafikiri sana."

"Kufikiri tutamtoa. Kaa hapa karibu, mume wangu."

Siwezi kueleza jinsi jina lile lilivyonifurahisha, ingawa najua kila bibi humtania hivyo mume wa mjukuu wake.

Akashika kaa kwa vidole, akaliweka juu ya tumbaku, akavuta. Maji yakakoroma. Wanawake wawili wakavuta baada yake, kisha akanipa mimi. Mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko. Sawasawa kabisa. Mdomo wa kibuyu ulikuwa umelowa, unang'aa. Mkono wa kushoto ukaacha kiwiko, ukaingia mfukoni, ukatoa kitambaa cheupe nilichokipiga pasi asubuhi ile, ukafuta.

Sikuwa nimekusudia. Kazini nilikuwa katibu wa darasa la redio, tunasikiliza pamoja habari za kuchemsha maji na kuchimba vyoo, na tangu hapo nilikuwa nafuta kila kitu: kikombe, kijiko, hata kalamu ya mwenzangu. Nilifanya mazoezi ya yote isipokuwa mate. Kibuyu cha Bunda nilikuwa nakivuta peke yangu.

"Eh!" mwanamke mmoja alisema. "Tumefutwa."

Hapo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikaanza kueleza. "Samahani, Bibi. Ni mambo ya vijidudu tu. Kifua kikuu, kwa mfano, mtu anaweza kuwa nacho na asijue." Nilimwambia hivyo mzee, nyumbani kwake, mbele ya majirani zake. Baba mdogo aliinamia viatu vyake.

Bibi alinyoosha mkono, akachukua kiko kabla sijavuta. Akachomoa bori, akamwaga maji karibu na miguu yake.

"Tumbaku imelowa," alisema kwa upole. "Mgeni apewe chai."

Hakuna aliyenikataa. Wanaume walikubaliana, harusi ikafanyika. Lakini lile jina, "mume wangu", sikulisikia tena. Kila tulipokwenda kumsalimia, bibi alitoa kipande cha kanga kilichofuliwa vizuri, akafuta mdomo wa kiko taratibu, akanipa kwa mikono miwili. "Karibu, mgeni. Nimekufutia." Wanawake waliinama kuficha vicheko. Nilivuta, nikamrudishia, naye akakiweka chini, asikiguse mpaka maji yamebadilishwa.

"Bibi, usifute, tafadhali," nilimwambia siku moja.

"Hapana. Sisi wa zamani tuna uchafu mwingi."

Mwaka huu tumepata mtoto wa kike. Kwao, mkubwa hulowesha kidole gumba kwa mate akampaka mtoto kwenye kipaji cha uso, na hiyo ndiyo baraka. Nikajiambia kwamba hapa ndipo nitakaporudishwa kuwa mtu wao. Nilimwahidi mke wangu kwamba sitasema neno, na kitambaa nikakiacha nyumbani makusudi.

Bibi alimpokea mtoto, wanawake wakasogea. Akalamba kidole. Kisha akainua macho.

"Mgeni," alisema, "nifute kwanza?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelirudia njia nzima. Lakini nikakitazama kile kidole, cheusi kwa makaa na tumbaku, nikakitazama kipaji cha mtoto, ngozi yake bado inabambuka, nikachelewa. Si sana.

"Usifute," nikasema.

Alikuwa ameshakifuta kwenye kanga yake. Akamrudishia mke wangu mtoto.

"Mzuri," alisema. "Amefanana na baba yake. Mdomo msafi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Tulipofika barabarani kungojea gari, mke wangu alisimama tu, hajaketi. Kisha akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Ningoje hapa," akageuka kurudi. Sikumfuata. Niliketi juu ya jiwe nikiwaza maneno ya kumwomba radhi bibi, nikayapanga, nikayapanga upya, na kila nilipoyamaliza niliona neno moja ambalo halijakaa sawa.

Waliporudi, mke wangu alikuwa ananuka tumbaku, na mtoto alikuwa na doa jeusi katikati ya kipaji. Mkono wangu ukaenda mfukoni bila kuniuliza, na mke wangu akauona.