Sukari ya Tambi Hutiwa Mwisho

Watu wakisikia nasomea mapishi ya Kiitalia huuliza kwanza kama nipo Italia. Nipo Sydney. Ndoto ilikuwa Italia, viza ikatoka Australia, na mimi si mtu wa kuisusia ndege eti kwa sababu imeelekeza pua upande mwingine. Nikajiambia nyanya ni nyanya. Tena mwalimu wetu kazaliwa huko huko Italia, kwa hiyo kila asubuhi nikishafunga aproni najihesabia kwamba nimefika nusu ya safari.

Nyumbani ni Tanga. Niliishia kidato cha nne, na cheti changu si cha kutundika ukutani, lakini jikoni kwa mama nilikuwa na cheo. Nilikuwa ulimi wake.

Mama yangu akifunga Ramadhani haonji chakula hata kwa ncha ya ulimi. Anajua kwamba ukionja ukatema si kosa, masheikh wamesema, lakini yeye husema moyo wake hautulii. Sasa utapikaje futari ya watu kumi bila kujua chumvi imekaaje? Ndipo mimi, mtoto ambaye hajaanza kufunga, nilipokuwa naitwa. Nilinyoosha kiganja, mama akanidondoshea tone la mchuzi kutoka kwenye upawa, nikalipuliza, nikalilamba.

"Vipi?"

"Bado inataka."

Akaongeza. Hakumuuliza shangazi wala jirani aliyekuja kuazima kibao cha mbuzi, aliniuliza mimi. Nilipokua na kuanza kufunga, cheo hakikuondoka. Zile siku zangu za mwezi ambazo mwanamke hafungi, mama alizingoja kuliko mimi. "Leo Mungu kaniletea ulimi wangu," alikuwa akisema, na siku hiyo alithubutu kupika hata vile vyakula vyenye masharti, kama tambi za nazi.

Hii ni Ramadhani yangu ya pili ugenini. Ya kwanza nililia kidogo nikanyamaza, kwa sababu nilijua kule jikoni pengo langu lipo, halijazibwa. Kisha kaka yangu akaoa. Harusi nikaila kwa simu. Wifi yangu ni mzaliwa wa Mbeya, kakulia kwenye maharage na ndizi, nazi kaijulia ukubwani. Mcheshi, mrefu, hana baya. Nilimpenda. Sitaki mtu afikiri sikumpenda.

Siku ya tatu ya mfungo nilikuwa kwenye treni ya asubuhi kwenda chuoni, nikafungua video aliyonitumia kaka. Jiko la mama. Sufuria lile lile lenye mpini mmoja. Mama kainua upawa, na mbele yake kimenyooshwa kiganja. Kiganja cha wifi. Ana mimba ya miezi mitano, kwa hiyo hafungi. Akalamba, akafumba macho kama anasikiliza redio, akasema, "Mama, imekaa." Mama akacheka, akamwambia, "Umeniokoa, ulimi wangu."

Nikairudia video mara nne. Nilipoinua kichwa kituo changu kimeshapita.

Nilifika darasani nimechelewa na roho imenivimba. Na huko nako sikukuta nafuu, kwa sababu meza yangu nachangia na msichana ambaye Mungu alimpa kila kitu nilichokiacha mimi Tanga. Bibi yake alitoka Italia zamani, na anaishi naye nyumba moja, dakika ishirini kutoka chuoni. Kila Jumatatu anakuja na kopo la kitu alichopika na bibi yake Jumapili. Analifungua bila hata kuangalia, huku anaperuzi simu, anakula amesimama. Mimi ningepewa kopo kama lile kutoka kwa mama ningelifungua nimepiga magoti.

"Bibi kanigombeza jana," akasema siku hiyo. "Ati nakoroga kama navuta kamba."

"Una bahati ya kugombezwa," nikamwambia.

Akacheka, akadhani natania.

Ni yeye ambaye mwaka jana nilimweleza kwamba kwetu tambi tunazivunjavunja, tunazikaanga zikawa kahawia, tunazipika kwa tui, sukari, iliki na zabibu. Aliweka kisu mezani. "Sukari? Kwenye tambi? Na mnazivunja?" Aliniomba nisije nikalisema jambo hilo mbele ya bibi yake, mzee ana presha. Nikamwambia na yeye akifika Tanga asije akasema mbele ya mama kwamba tambi zinapikwa zikabaki na kiini kigumu, maana sahani yake itarudishwa jikoni zimalizwe kupikwa. Siku ile tulicheka hadi mwalimu akatugeukia. Lakini huo ulikuwa mwaka jana, kabla ya kiganja.

Naishi upande wa Fairfield na dada mmoja Mkenya anayehudumia wazee. Yeye ni Mkristo lakini Ramadhani hunisubiri tufuturu pamoja; anasema mtu hawezi kula peke yake huku mwenzake anaangalia saa. Jioni ile nilikuwa nimeshapita soko la Cabramatta, nikanunua muhogo na nazi iliyokunwa ya kugandishwa, nimeshachemsha, nimeshapanga tende. Huku jua likitaka kuzama, Tanga saa sita za mchana hazijafika. Simu ya video ikalia. Wifi.

"Wifi yangu, shikamoo ya kukuomba kitu," akasema kwa sauti ya chini. Alikuwa kajificha nyuma ya nyumba, nilimwona na kamba ya kuanikia nguo kichwani. "Mama kaenda sokoni. Leo nataka nimpikie tambi za nazi mwenyewe, nimfanyie mshangao. Kaka yako anasema kama kuna mtu duniani anazijua tambi za mama ni wewe."

Nilisikia utamu na uchungu kwa pamoja. Nikaanza kumweleza. Vunja tambi. Zikaange moto mdogo, usiondoke hata kama mtu anakufa mlangoni. Tui jepesi kwanza. Iliki ponda, usisage.

"Na sukari?" akauliza.

Hapa niseme wazi, kwa faida ya asiyejua. Sukari ya tambi hutiwa mwisho, tambi zikishalainika. Ukiitia mapema, zinakaza, na hata uzichemshe mpaka Idi hazitalainika tena. Mama alinifundisha hilo nikiwa na miaka tisa, kwa kunipiga kidogo mkononi kila nilipogusa kopo la sukari kabla ya wakati.

"Tia pamoja na tui," nikamwambia. "Ichanganyike vizuri."

"Asante, wifi. Mungu akuzidishie."

Nikakata simu. Yule dada wa Kenya alikuwa amesimama na jagi la maji, amesikia yote.

"Si jana ulinipikia hizo tambi?" akasema. "Na sukari ukaweka mwisho. Nilikuuliza mbona unangoja, ukanisomea hotuba."

Nikajifanya natafuta chumvi.

"Sasa huyo mama mjamzito amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi hiyo ni wivu, msichana wangu. Na ni wivu ya masafa marefu. Wengine hushindwa kuona wivu hata mtaa wa pili, wewe unavuka bahari nayo."

Nilicheka kwa sababu alivyolisema linachekesha. Ningeweza kumpigia wifi pale pale. Tambi zilikuwa hazijavunjwa bado. Simu ilikuwa mezani, pembeni ya muhogo. Nikafuturu, nikaosha vyombo, nikaswali, sikupiga.

Kulipokucha nikakuta ujumbe. "Wifi, tambi zimegoma, zimekuwa kama waya. Najua nimekosea mahali. Usijali, nitajaribu tena." Hakuweka lawama hata chembe. Afadhali angenitukana.

Siku hiyo hiyo tulikuwa na mtihani wa vitendo: tambi kwa mchuzi wa nyanya, kila mtu sufuria lake, mwalimu anapita na kijiko. Chakula chepesi kama hicho ndicho cha kutisha, hakuna pa kujificha. Nilifanya vizuri hadi mwisho. Mwalimu akasimama mbele yangu.

"Umeonja?"

"Nimefunga, mwalimu. Nimenusa."

"Sahani isiyoonjwa haitoki jikoni kwangu. Sikulazimishi uvunje funga yako. Tafuta mtu akuonjee. Una dakika kumi."

Nikageuka. Aliyekuwa karibu ni nani? Yule yule mwenye bibi. Na tulikuwa tunashindana: mwanafunzi atakayefanya vizuri kuliko wote angepelekwa kufanya mazoezi ya kazi kwenye mkahawa ambao sote wawili tuliutaka. Nikachota mchuzi, na kwa mazoea ya miaka yote, bila kufikiri, nikamwambia, "Lete kiganja."

"Kiganja?"

"Nyoosha tu."

Akanyoosha. Nikamdondoshea tone katikati ya mkono, akaliangalia kama nimempa mdudu, kisha akalamba. Mwalimu akanigombeza kwa mbali kwamba vijiko vipo, kwa nini nachafua mikono ya watu. Mimi sikumsikia vizuri. Nilikuwa namwangalia huyu msichana usoni, nangoja neno lake, na nikajua kwa mara ya kwanza mama alivyokuwa anajisikia upande ule wa upawa. Unamkabidhi mtu futari yako nzima. Akikudanganya, huna la kufanya.

"Chumvi imetosha," akasema. Akalamba tena. "Lakini nyanya zako zina ukali." Akatazama kule alikokuwa mwalimu, akanisogelea. "Bibi yangu hutia kipande cha karoti kizima, kinakunywa ule ukali, halafu anakitoa kabla ya kupakua. Hajawahi kumwambia hata mama yangu. Tia sasa hivi, dakika nane zinatosha."

Na karoti akanipa yeye, kutoka kwenye ubao wake.

Nikaitia. Nilikuwa natokwa machozi, naye akadhani ni vitunguu vya meza ya jirani.

Mkahawa alipata yeye. Mchuzi wangu ulisifiwa, wa kwake ulisifiwa zaidi, na ilikuwa haki. Nikiwa njiani kurudi niliona wivu tena, safi kabisa, kama vile hakuna kilichotokea. Nilitamani siku ile nzima inigeuze mtu mwingine, lakini wapi.

Jioni, kabla ya kufuturu, nikapiga Tanga. Alipokea mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imelowa?"

"Mama, zile tambi. Mimi ndiye niliyemwambia wifi atie sukari mwanzoni."

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga kitu.

"Ulisahau?" mama akauliza.

"Sikusahau."

"Najua hukusahau. Nilipotafuna tu nikajua mkono huu umeelekezwa na mtu. Nikamuuliza, nani kakufundisha? Akasema, hakuna, mama, nimekisia mwenyewe. Nikala sahani nzima, meno yangu haya mabovu, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa amesimama pale ananiangalia. Wewe umenitafunisha waya, na yeye kakuficha."

Nilitamani anigombeze zaidi. Nilikumbuka nilivyomwambia yule mwenzangu kwamba ana bahati.

"Mama, mimi si ulimi wako tena?"

Akavuta pumzi. "We mtoto. Ulimi umeuchukua ukaenda nao Australia, mimi nikae napika kwa kubahatisha? Ninao huu hapa, wa Mbeya, haujui nazi vizuri, kila kitu unasema imekaa. Nani ataufundisha? Zungumza na wifi yako, mimi nina kazi."

Simu ikapokewa na wifi. Nikamwomba radhi, neno moja baada ya jingine, bila kupamba.

"Mimi nilijua tangu jana," akasema. "Kaka yako aliniambia mama hutia sukari mwisho. Aliniambia nikiwa nimeshatia."

"Na hukunisema kwa mama?"

"Ningekusema ningepata nini? Tambi zingelainika?" Kisha sauti yake ikachangamka. "Lakini ujue nakudai, wifi. Toa siri zote. Leo. Naandika."

Nikazitoa. Muhogo uoshwe maji ya moto. Tui zito liingie moto umepungua, upawa usisimame. Ndimu usiitie sufuriani, iende mezani. Mama akisema "imepoa" maana yake haina pilipili, si kwamba imepoa. Yule dada wa Kenya alikuwa ameketi na tende yake mkononi, ananionyesha saa, na mimi naendelea kusema. Jua likazama nikiwa kwenye siri ya pweza. Nikala tende, nikaendelea.

"Zimeisha?" wifi akauliza.

Nikafikiri. Kuna moja, ya mchuzi wa papa, jinsi mama anavyoutia embe bichi. Hiyo tuliigundua mimi na yeye, siku moja ya mvua, tukiwa wawili tu.

"Imebaki moja. Hiyo nabaki nayo mpaka nirudi."

"Haya, baki nayo," akasema. "Na mimi nabaki na upawa."

Nikasikia mama anamwita kutoka ndani, "Ulimi wangu we," na wifi akaitika, akaniacha hewani bila kukata. Nikabaki nasikiliza kifuniko kikifunuliwa.