Niliandika kwamba fundi huyo ni muuaji, kumbe ni kaka yangu

Huyu ni msomaji wetu wa Likasi. Jina tumelificha na picha alizotuma hatuziweki. Msome mpaka mwisho kabla hujamjibu.

Admin, naomba unifiche kabisa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, nimeolewa, nina mtoto bado ananyonya. Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, za pompa na za vinu. Kazi hii nilifundishwa na Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa huku kwetu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Ana karakana yake mtaa wa Panda, mimi nina yangu ndogo nyumbani, mtaa wa Kikula.

Sisi mafundi wa mota ni wachache na kila mmoja huficha anachokijua. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, lakini jibu zuri la asubuhi, jioni limeshafunikwa na salamu na maombi. Ndiyo maana nikafungua jukwaa letu mtandaoni, mahali ambapo swali linabaki na majibu yake, na fundi wa Kolwezi au Lubumbashi analikuta hata mwakani. Yaya alifurahi kuliko wote. Siku ya uzinduzi alikuja na soda, akatuombea, akamkumbuka baba, akasema, "Mudogo wangu, papa angeona hii kitu!"

Watu walijiunga, wakaanza kufundishana kwa moyo. Halafu mwanachama mmoja akaweka picha ya mota iliyofunguliwa. Alieleza kwamba ilikuwa ya pompa ya kuvuta maji kwenye shimo la wachimbaji wadogo. Ilizimika ghafla, maji yakajaa, na waliokuwa chini hawakutoka. Akauliza imeungua kwa nini.

Niliikuza ile picha. Waya haukuwa shaba, ulikuwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Mota kubwa ukiisuka kwa waya ule, inapata moto mpaka inakufa. Hasira ilinipanda, nikaandika: "Hii si ajali. Fundi aliyefanya hivi ni muuaji, na watu wamjue." Wengi wakaniunga mkono. Kesho yake mchana, mtu akaandika chini ya maneno yangu jina la karakana iliyoisuka mota ile. Ilikuwa ya Yaya.

Nilimwachia jirani mtoto, nikapanda pikipiki mpaka Panda. Nilimkuta ameketi, mikono mitupu.

"Yaya, ile mota ya shimo, njo weye uliitengeneza?"

Hakunitazama. "Njo minye," alikubali.

"Na waya ya aluminiamu?"

"Shaba ilikosekana. Nilisema itashika kidogo, nitabadilisha kiisha."

"Yaya, bantu balikufa!"

"Najua. Tangu ile siku minye silalake."

Sikupata nafasi ya kujibu. Gari lilifunga breki mlangoni, wakashuka wanaume wenye vyuma na sepetu. Mmoja alimwekea Yaya simu usoni. "Soma! Fundi mwenzako aliandika, weye ni muuaji!" Yalikuwa maneno yangu.

Pigo la kwanza lilimvunja mkono, nilisikia mfupa. Walimburuta mpaka barabarani, wakamkanyaga mdomo, meno yakabaki kwenye vumbi. Niliwaparamia nikilia, nikapigwa teke la tumbo, nikaanguka. Wakati najaribu kuinuka nikasikia harufu ya petroli. Walikuwa wanammwagia miguuni, na mmoja wao, mwenye fulana ya njano, alikuwa anapapasa mifuko akitafuta kiberiti. Nyundo ya Yaya ilikuwa chini karibu yangu. Niliishika nikampiga yule mtu kichwani. Alianguka. Nikampiga tena akiwa chini. Pigo hilo la mwisho hakuna aliyenilazimisha.

Wenzake walipoona damu walikimbia. Majirani walikuwa wamejifungia ndani. Polisi walipofika waliuliza, "Nani alimupiga huyu?" Nilifungua mdomo, lakini Yaya akanishika mguu kwa mkono wake mzima.

"Minye njo nilimupiga," aliwaambia. Kisha akaninong'oneza, damu ikimtoka, "Nyamaza. Weye iko na mutoto wa ziwa. Bale balikufa mu shimo ni juu yangu."

Nikanyamaza.

Sasa Yaya yuko gereza la Buluo na mkono wake umeunga vibaya. Wale waliokuja na mtu niliyempiga hawawezi kusema walichoona, maana wao pia wanatafutwa na wamejificha. Niliyempiga yuko hospitalini. Anafungua macho, lakini hamtambui hata mama yake. Kaka yake ni mmoja wa wale waliozama shimoni.

Mke wa Yaya ananiambia ninyamaze, la sivyo mimi na Yaya tutafungwa wote wawili na watoto watabaki bila mtu. Mume wangu anataka nilifunge jukwaa na kufuta kila kitu. Huko jukwaani mafundi wananiita jasiri.

Jumapili baada ya ibada nilipokea ujumbe wa sauti. Ni mama wa wale ndugu wawili, aliyezama na niliyempiga. Alisema:

"Mama, bananiambia weye njo mukubwa wa ile jukwaa. Mungu akubariki sana. Bengine bote balinyamaza, weye ulisema ukweli juu ya mutoto wangu. Sasa ule fundi aliniharibia na huyu wa pili. Kuya ku tribinali, mbele ya hakimu, useme tena vile uliandika. Sina muntu mwingine."

Niliusikiliza nikiwa nanyonyesha, na maziwa yakakatika palepale.

Jana amenitumia tena sauti, anauliza kama nitakuja, na anasema ananiombea mimi na mtoto wangu kila siku. Niliyoyaandika kuhusu ile mota ni kweli, siwezi kuyakana. Lakini nikisimama mbele ya hakimu nikayarudia, nitakuwa namzika Yaya kwa kosa lake na langu pia. Na nikisema nani alishika nyundo, mtoto huyu atalelewa na nani?

Ninyi mnaosoma, ambao mna watoto na mna kaka, niambieni: mama yule nimjibu nini?