Kitenge cha Njano Kajaga

Miaka mitatu sijakanyaga kwetu. Nilipopangiwa safari ya Nairobi hadi Bujumbura, kwenda na kurudi asubuhi moja, nilimpigia mama simu Kajaga, kwenye nyumba yetu kando ya ziwa, jirani na uwanja wa ndege wa Bujumbura. "Simama inje, mama. Nitapita karibu."

"Nitavaa kitenge cha jaune," akasema. "We utaniona tu, mutoto wangu!"

Saa mbili tukaondoka. Mimi ni rubani msaidizi. Zamu ya kuendesha ilikuwa yangu, kapteni akashika redio. Huko juu kompyuta huendesha, sisi tunakunywa chai. Watu husema siku hizi kazi yetu ni mteremko. Haya, waje waone wakati wa kushuka!

Juu ya milima ya Burundi, mnara wa kuongozea ndege ukatubadilishia njia: upepo umegeuka, tutokee ziwani. Neno moja tu, na kompyuta inataka kuelezwa kila kitu upya. Kapteni akaandika, mimi nikahakiki, vichwa vyote viwili chini.

Chini ya futi elfu kumi ni marufuku kuongea lolote lisilo la kazi. Kwa hiyo ziwa lilipotokea sikusema, "Kwetu pale." Niliinua macho tu, nitafute kitenge cha njano. Jamani, nilitamani kumwona mama!

"Urefu!" kapteni akasema. "Haishuki!"

Sikuwa nimebonyeza kitufe cha kuiamuru kompyuta iishushe ndege kwa njia mpya. Nilidhani inashuka yenyewe. Nikaizima kompyuta, nikashika usukani, na hadi magurudumu yanagusa chini sikuangalia kingine.

Bujumbura tulikaa dakika arobaini, na siruhusiwi kuiacha ndege. Nikapiga simu.

"Uliniona?"

"Apana, mama. Kazi ilinizidi."

"Mi nilipunga mpaka mukono ukaniuma. Utapita hapa tena?"

"Sasa hivi."

"Basi siingii ndani."

Tukapaa, safari hii kapteni akiendesha. Kajaga ilipita dirishani kwangu nikiwa nasoma mwendo na urefu kwa sauti, macho kwenye vipimo. Mashine imenipunguzia kazi ya mikono, ikaniongezea ya macho, na macho ndiyo niliyotaka kumpa mama.

Tulipovuka futi elfu kumi, kapteni akanigeukia. "Haya, sasa ruksa kuongea. Kwenu ni wapi?"

"Tumeshapita," nikasema.