Mama Alivyosubiri Meza ya Bwana

Kanisa letu huku Ikuti halina mchungaji wa kukaa. Anaishi Tukuyu mjini, ana makanisa mengine ya kuzungukia, na kwetu anafika kwa nadra, mvua ikikubali. Siku zote nyingine tunaongozwa na wazee wa kanisa watatu: mwalimu mstaafu, mama mwenye duka la pembejeo, na baba mmoja anayepima chai ya wakulima. Wanagawana mahubiri, wagonjwa na misiba, na wanapenda kutamba kwamba hapa hakuna bosi. Zamani nami nilikuwa natamba hivyo hivyo. Siku hizi nikiyasikia maneno hayo damu inanichemka.

Mama yangu alipolala hoi alitaka kitu kimoja tu, ashiriki Meza ya Bwana kabla hajafa. Wazee wanaruhusiwa kuhubiri na kuzika, ila mkate na kikombe ni vya mchungaji, na mchungaji anaitwa na wazee. Ndio utaratibu.

Alianza kuja mwalimu. Akaomba vizuri, akanywa chai, akala ndizi, akasema, "Mama, tutamwambia mchungaji." Baadaye akaja mama wa duka. "Kwani mwalimu hajamwambia? Basi nitamkumbusha mwenzetu wa chai, yeye ndiye anayewasiliana naye." Wa chai naye akaja na buti zake za matope. "Usiwe na wasiwasi, dada, jambo hili tunalo."

Mnalo wapi? Kila Jumamosi mama aliniambia nimwogeshe, nimfunge kitambaa cheupe kichwani, nitandike vizuri, mgeni anakuja. Jumapili jioni namfungua kile kitambaa. Yeye hakunung'unika hata siku moja. Nilinung'unika mimi, jikoni, nikizipigiza sufuria.

Nilipotaka kumpigia mchungaji mwenyewe, mama alinikataza. "Usiwaruke wazee," alisema kwa Kinyakyusa, na ukali wake ulikuwa ule ule wa enzi ananifundisha kulima. Nikatii. Ila asubuhi moja aliposhindwa kumeza hata uji, nilipiga simu bila kumwuliza mtu.

"Mbona sijaambiwa?" mchungaji alishangaa. "Anaumwa tangu lini?"

Alipanda bodaboda saa ile ile. Alipofika, nilikuwa nimeshamfumba mama macho.

Siku ya mazishi mchungaji alikuwa na msiba mwingine, kwa hiyo walisimama wazee wote watatu, suti zimenyooshwa, ibada wamegawana kama kawaida yao. Zamu ya wa chai ilipofika, akasema, "Tunamshukuru Mungu, mama yetu ameondoka akiwa ameshiriki Meza ya Bwana."

Na hakuwa anadanganya, hilo ndilo lililonitia wazimu. Aliiona bodaboda ya mchungaji ikipita, akadhani wenzake wameshamwita.

Nikasimama. Shangazi akanivuta kitenge, nikautoa mkono wake.

"Hakushiriki," nilisema. "Mchungaji alimkuta amekufa. Aliwasubiri ninyi. Nani kati yenu alimwita mchungaji?"

Mwalimu akamtazama mama wa duka. Mama wa duka akamtazama wa chai. Wa chai akatazama kaburi, akakohoa, akaanzisha wimbo, na wale wawili wakaupokea.