Mafuta ya Sungura wa Maabara

Sikusoma. Darasa la pili, basi. Lakini sungura wote wa kile kituo cha utafiti, nje ya mji wa Tabora, waliishi kwa mikono yangu. Wasomi wenyewe kuwashika walikuwa hawajui.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Vijiji vipya viligawiwa dawa ya wadudu ya pamba, na sisi tulitakiwa kujua dawa hiyo inamfanya nini mnyama. Kila asubuhi niliichanganya kidogo kwenye pumba. Sungura hawakufa. Walinenepa.

Majaribio yalipokwisha nikachinja mimi. Mtaalamu, kijana niliyemzidi umri na shikamoo yake sijawahi kuisikia, akakinga damu, akakata vipande vya ini, figo na mafuta, akavitia chupani.

"Nyama katupe shimoni, ndugu."

Hakusema kwa nini. Nyama nono ikatupwe, na mke wangu ana siku tisa tangu ajifungue! Kwetu mzazi hunyweshwa supu ya mafuta ili maziwa yashuke. Nikachagua wanono watatu, nikawapeleka nyumbani Kanyenye. Akala wiki nzima.

Majibu yakatoka nikiwa naosha chupa. Yule mtaalamu anachekelea.

"Kwenye damu dawa ni haba sana. Kumbe inajikusanya kwenye mafuta! Ukimlisha kidogo kidogo inarundikana, na haitoki upesi."

"Na jike anayenyonyesha?"

"Huipitisha kwenye maziwa."

Nikamwambia ampime mke wangu.

"Mlikula? Ujinga gani huu!"

"Ulisema nitupe. Sumu ulisema lini?"

"Imeandikwa mlangoni."

"Kwa Kizungu! Nani angeisoma hapa, mimi au sungura?"

"Hatupimi watu hapa. Rudi kazini."

Nikamwachia chupa zake sakafuni, nikaondoka.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akauliza neno moja: amnyonyeshe au asimnyonyeshe? Nikasema tutafute maziwa ya ng'ombe, yanaletwa na wafugaji kutoka Ziba.

"Ng'ombe wa Ziba hawaogeshwi dawa joshoni? Hiyo ya josho ni asali?"

Mtoto analia. Akampa titi, akanigeuzia mgongo.

Mtoto alikua, ana wajukuu sasa. Watu huniambia nishukuru, nisamehe. Nimsamehe nani? Sungura walipimwa mpaka figo. Mwanangu hakuna aliyempima, na kila alipoumwa, hata mafua, mama yake alinitazama mimi.